Gari ya zamani inakimbia, kwenye picha imepaki: tatizo liko wapi?

Kuna siku nilikuwa napiga picha Volkswagen Beetle ya rafiki yangu, jamaa akapita mbele yangu kama mara 30 hivi, anaenda anageuza anarudi, injini inalia kama cherehani, mi nimekaa kwenye majani nabonyeza tu na moyoni najiona fundi. Jioni namuonyesha, akaangalia ya kwanza, ya pili, ya kumi, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "sasa si ungeniambia tu nipaki?" Na alikuwa na haki. Kila picha kali, majani yanahesabika moja moja, na gari imeganda katikati ya barabara kama imeishiwa mafuta. Shata yangu, yaani muda kamera inaacha mwanga uingie, ilikuwa 1/1000 ya sekunde.

Nimeweka hapa dalili ninazozijua na chanzo chake, nyingi zimenikuta mwenyewe. Ruka uende kwenye ya kwako, ila ya kwanza isome hata kama sio yako maana zingine karibu zote zinarudi pale pale.

DALILI: Picha kali kila mahali, gari inaonekana imesimama

Chanzo ni shata ya haraka mno, hilo kila mtu atakwambia. Ila ukiuliza "sasa niweke ngapi" watu wanakutajia namba moja, 1/60, kama dawa ya kila ugonjwa, na hapo ndo wanapokosea kwa gari za zamani. 1/60 kwa gari ya resi inayopita 200 km/h ni kitu kimoja, na kwa gari ya bibi inayojikongoja 25 km/h ni kitu kingine kabisa. Ford Model T mpya kabisa, ikiwa na afya zake zote, mwisho wake ulikuwa kama 65 mpaka 70 km/h, sasa hiyo iliyobaki leo ina miaka mia na mwenyewe anaipenda kuliko watoto, unadhani atakukanyagia mafuta kwa ajili ya picha?

Kwa hiyo mi niliacha kuhesabu shata, nahesabu gari imetembea sentimita ngapi wakati shata iko wazi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua spidi ya gari kwa km/h, zidisha kwa 28, gawanya kwa namba ya chini ya shata. Ile Beetle ilikuwa inapita kwenye 30 km/h, 30 mara 28 ni 840, gawanya kwa 1000 unapata chini ya sentimita moja. Gari ina urefu wa mita 4 na imesogea upana wa kidole, nani ataona? Shata ya 1/60 inakupa sentimita 14, ya 1/30 inakupa 28, ya 1/15 inakupa 56.

Ukiwa umesimama pembeni ya barabara na unaisindikiza gari na kamera, yaani unazungusha kamera kuifuata inavyopita, hizo sentimita ndo urefu wa mistari utakayoiona nyuma ya gari, ukiipima kwa kipimo cha gari yenyewe. Yaani ukipata 28, mistari nyuma itakuwa na urefu unaokaribia nusu ya tairi. Chini ya 10 picha inaonekana imepaki, kati ya 20 na 40 ndo pananoga, ukizidi 60 picha inakuwa tamu sana ila unahitaji mkono mzuri na bahati yako mwenyewe. Sasa muulize dereva atapita na spidi gani, akisema "taratibu tu" jua ni 20, piga hesabu yako hapo hapo.

Kama hutaki kuisindikiza, umeweka kamera kwenye tripodi imetulia, sentimita ni zile zile ila zinahamia kwenye gari: nyumba na miti vinabaki vikali, gari ndo inavutika. Inapendeza mbele ya jengo la zamani, ila usipitilize, maana ikivutika mita nzima hakuna atakayejua ilikuwa gari gani, na mwenye gari ya 1950 na kitu hajaleta gari yake igeuzwe moshi.

DALILI: Nyuma imevutika vizuri, lakini matairi yameganda

Hii inaudhi sana, maana jicho la mtu likiona gari linaenda moja kwa moja kwenye tairi, na tairi ikiwa imeganda unaonekana umedanganya na kompyuta hata kama hukudanganya.

Chanzo inategemea rimu. Rimu za mbao kama za Model T zina spoku 12 nene, na mzunguko wa tairi lake ni kama mita 2.4, kwa hiyo gari inabidi itembee kama sentimita 20 ndo spoku moja ifike ilipokuwa mwenzake. Chini ya hapo unaziona spoku zinahesabika, zina ukungu kidogo tu pembeni. Rimu za spoku za waya, zile zenye spoku 60 au 72, ni rahisi mno, sentimita 5 tu waya wote umeyeyuka umekuwa kama utando, hata 1/250 kwa gari inayokwenda 40 inatosha.

Kesi ngumu ni rimu za chuma zenye wilikapu ya kromu, laini, ya mviringo, haina hata mkwaruzo. Hiyo unaweza kuizungusha mpaka kesho na kwenye picha haionyeshi kitu, maana duara likizunguka linabaki duara. Na ukiongeza tairi zenye ule mstari mweupe ubavuni ndo umejimaliza kabisa, mstari mweupe unazunguka lakini unaonekana vile vile. Mi nilihangaika na gari moja ya aina hiyo wiki mbili nikidhani shata ndo mbaya. Kumbe tairi zinazunguka vizuri tu, ila hamna kitu juu yake cha kuonyesha.

Dawa? Kama wilikapu ina nembo katikati, hakikisha nembo imepotea, hicho ndo kipimo chako, ukiweza kuisoma bado shata ni ya haraka. Kama haina hata nembo, shusha shata zaidi ili barabara chini ya tairi ivutike sana, jicho litamalizia lenyewe. Au muombe dereva akate kona kidogo, tairi za mbele zikigeuka tu gari inaonekana ina safari. Nimeona pia watu wanabandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi kwenye wilikapu ili kizunguke kiache alama. Kinafanya kazi, ila bandika kwenye kromu, sio kwenye rangi.

DALILI: Kila kitu kimetikisika, nyuma na gari yenyewe

Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye 1/1000. Usirudi. Picha iliyoharibika ina ushahidi wa kosa lako ndani yake, unachotakiwa ni kuusoma, na gari za zamani zina kitu kizuri sana ambacho gari za sasa hazina: kromu.

Vuta picha kwenye skrini mpaka mwisho, tafuta kidoa kidogo cha jua kinachong'aa kwenye bampa, kwenye pete ya taa au kwenye kitasa cha mlango. Hicho kidoa ni kalamu, kimechora mkono wako ulifanya nini muda wote shata ilipokuwa wazi.

Kidoa kikiwa nukta, uko vizuri, kama picha bado mbaya basi ni fokasi. Kikiwa kistari kilicholala, ulikuwa unaizungusha kamera kwa spidi tofauti na gari, ama uliiacha nyuma ama uliitangulia, na mara nyingi ni kuiacha nyuma kwa sababu mtu akibonyeza anasimama. Kikiwa kistari kilichosimama, ulinesa juu chini, au barabara ina mawimbi na gari ndo inanesa, na springi za majani za gari kuukuu zinanesa haswa, hapo hata uwe na mkono wa jiwe utapata vistari, hama tafuta kipande cha lami kilichonyooka. Kikiwa na mkia umepinda kama ndoana ya kuvulia samaki, ni kidole chako: ulibonyeza kwa nguvu kamera ikazama.

Nilikuwa napata ndoana karibu kila picha. Nikagundua nabonyeza kama vile nabonyeza kengele ya mlangoni. Sa hivi naweka kidole nusu tangu gari iko mbali, naisindikiza, nabonyeza polepole bila kusimama na naendelea kuisindikiza hata baada ya shata kufunga, kama mtu anayerusha mpira mkono wake unamalizia safari. Kwenye kamera zenye kioo ndani unaona giza kidogo wakati wa kupiga, watu wengi wanasimama pale kwenye giza. Usisimame, gari bado ipo.

Miguu nayo. Elekeza vidole vya miguu pale utakapobonyezea, sio kule gari inapotokea, halafu jipinde kiuno kwenda kuipokea. Inapokuja unajikunjua, na unapofika pale pa kubonyeza mwili umenyooka na umetulia. Watu wanafanya kinyume, wanaipokea wamekaa vizuri wanamalizia wamejipinda kama kamba, picha ya mwisho lazima itikisike. Viwiko vibane kwenye mbavu.

Kuna kitu kingine kinawatesa watu bila kujua, ule mfumo wa lenzi wa kuzuia mtikisiko. Ukiwa kwenye hali ya kawaida, kwenye lenzi nyingi unaona kamera inazunguka unadhani mkono unatetemeka, unaanza kukupinga, we unaenda kulia wenyewe unavuta kushoto. Kama lenzi ina swichi ya mode, weka mode 2, ile inazuia wima tu, ulalo inakuachia. Kama haina hiyo mode na haijui yenyewe kutambua, zima.

Na usianze na 1/15 siku ya kwanza. Anza 1/125, ukizipata tatu mfululizo shuka 1/60, halafu 1/30. Mi mpaka leo nikiwa 1/15, kati ya picha 40 nikipata 3 nzuri nanyamaza nashukuru.

Fokasi pia isikusumbue, weka ile ya kufuatilia mfululizo, na nukta ya fokasi iweke kwenye kitu chenye kingo, nembo ya mbele au pete ya taa. Ukiiweka kwenye mlango mweusi unaong'aa kamera haina pa kushika, inaenda kufokasi mti unaoonekana kwenye rangi.

DALILI: Taa ya mbele kali, nyuma ya gari imeyeyuka (au kinyume chake)

Hukukosea kusindikiza, ni jiometri. Gari ikiwa haiko ubavu kamili kwako, upande ulio karibu unapita mbele ya macho haraka kuliko upande ulio mbali, na kamera ina spidi moja tu ya kuzunguka, kwa hiyo lazima sehemu moja tu ya gari ikubaliane na mkono wako. Ukiwa karibu na lenzi pana ndo inazidi. Rudi nyuma, tumia lenzi ndefu (ya kuvuta mbali), piga pale gari inapokuwa ubavu kamili.

Au ukubali na uchague we mwenyewe nini kiwe kali. Mi nikipiga robo tatu ya mbele nasindikiza showo (grili ya mbele) na taa, nyuma iyeyuke inavyotaka, maana kwenye gari ya zamani sura ndo kila kitu. Kitakachoudhi ni pale bampa ya nyuma inapokuwa kali na sura imepotea.

Gari ikija usoni kwako moja kwa moja usitegemee mistari kabisa, haitapatikana. Hapo kinachosaidia ni vumbi, maji ya mvua yanayoruka, au kulala chini karibu na lami kwa lenzi ndefu, ukiwa sehemu salama na barabara imefungwa, sio kwenye njia ya watu.

DALILI: Umeshusha shata, picha imekuwa nyeupe pe

Jua la mchana, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi) f/16, picha inataka kama 1/100. We unataka 1/30, kwa hiyo mwanga umezidi kama stopu mbili, kila stopu ni mwanga mara mbili. Wengi wanaenda f/22, tundu dogo zaidi, inasaidia kidogo, lakini lenzi inaanza kupoteza ukali wenyewe, na kila vumbi lililokaa kwenye sensa linatokea. Na kwenye picha ya kusindikiza vumbi linaonekana vibaya zaidi, maana anga lote limevutika halafu kuna vidoa vyeusi vimetulia tuli.

Weka filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Inakata stopu tatu, f/11 ambayo ilikuwa inataka 1/200 sasa inakubali 1/25. Kama huna, subiri jua lishuke.

Wapo wanaoweka filta ya polarize kwa kazi hii kwa sababu nayo inakata mwanga stopu moja mpaka mbili. Sikatai, ila fikiria kidogo: kwenye gari yenye rangi ya kung'aa, nusu ya mwendo unauona kwenye bodi yenyewe, miti inapita kwenye boneti, nyumba zinavutika mlangoni. Ukizungusha ile filta ukaufuta mng'ao wote umefuta pia hizo safari. Mi naiacha nyumbani.

Kamera weka manual kabisa, mwanga uupange mwenyewe. Ukiiacha yenyewe, gari inatoka mbele ya miti myeusi inaingia mbele ya anga, kamera inabadilisha mawazo katikati, na zile picha tano za mfululizo kila moja ina mwanga wake.

DALILI: Nguzo zimelala, au gari imeegemea mbele

Umewasha shata ya kielektroniki, ile ya kimya, au unatumia simu. Sensa haisomi picha yote kwa mpigo, inasoma mstari kwa mstari, na wewe unazungusha kamera, kwa hiyo nguzo mstari wa juu iko hapa, mstari wa chini imeshahamia pale, inatoka imelala. Rudi kwenye shata ya pazia, ya mekaniko, imeisha.

Ila usiione kama ugonjwa tu. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, akiwa kijana hajafika miaka 20, alipiga gari ya mashindano kwenye Grand Prix ya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1910, na pazia la kamera yake lilikuwa linapita polepole kwa wima. Alikuwa anaisindikiza gari lakini hakuifikia spidi yake. Matokeo yake tairi la nyuma likawa yai limeegemea mbele, na watazamaji na nguzo wakaegemea upande wa pili, kila mtu anavutwa kwake. Kwa mafundi ni makosa mawili kwenye picha moja, na gari yenyewe imekatwa mbele. Lakini iangalie, hakuna gari iliyowahi kukimbia kwenye karatasi kama ile. Kwa hiyo ukiona nguzo zimelala na picha inakuchekesha kwa raha, itunze.

DALILI: Umepiga kutoka kwenye gari nyingine, lami imevutika ila milima imeganda

Hapo hujakosea kitu. Ukisimama sehemu moja ukazungusha kamera, kila kisichotembea kinavutika sawa, jani la karibu na mlima wa mbali. Ukiwa ndani ya gari nyingine mnaenda sambamba, kamera haizunguki, inasafiri, kwa hiyo cha karibu kinapita haraka na cha mbali kinajivuta. Mlima kilomita tano huko hauwezi kuvutika kwa 1/60 hata mkienda 80. Mnaotaka mistari tafuteni barabara yenye miti, ukuta au uzio karibu, na ushushe kamera chini ili lami ijaze picha.

Kama gari yenyewe imetikisika, basi spidi zenu hazilingani. Usimwambie mwenye gari ya zamani afuate ya kwenu, gari yake ina gia chache na injini ina mahali inapojisikia vizuri, mwache atulie kwenye spidi yake halafu nyie ndo mumfuate. Na nafasi iwe kubwa, gari nyingi za zamani zina breki za dramu bila sevo (kile kisaidizi cha kukanyaga breki), hazisimami kama mnavyosimama nyie. Barabara iliyofungwa, mkanda umefungwa, sio mtu ananing'inia kwenye buti.

DALILI: Umefunga kamera kwenye gari kwa bomba refu, gari haijatoka kali

Kwa ambaye hajawahi, hii ndo njia ya zile picha za matangazo ambazo gari kali kama kisu na dunia yote imevutika. Kamera inafungwa kwenye bomba refu, bomba linashikiliwa kwenye gari kwa vikombe vya kunyonya, halafu bomba linafutwa kwenye kompyuta baadaye.

Ikitikisika chanzo kinakuwa injini. Zimeni. Kabisa. Gari inasukumwa na watu wawili kwa mwendo wa kutembea, mita moja kwa sekunde, shata sekunde moja, gari inasafiri mita nzima na tairi linazunguka kama nusu duara, kwenye picha inaonekana inakwenda 100. Injini ikiwa inawaka, hata bodi ikitoka kali utakuta saitimira na antena vimekuwa viwili viwili, na kwa gari ya silinda mbili kama Citroën 2CV hata usijaribu.

Mtu awe kwenye usukani na mguu kwenye breki, usukani umenyooka. Na kabla ya kubandika vikombe muulize mwenyewe rangi ni ya lini. Rangi kuukuu au iliyopigwa juu ya kutu inaweza kubanduka na kikombe, na hapo hamna picha itakayokuokoa. Kioo ni salama zaidi, na hata hapo funga kamba ya akiba.

DALILI: Usiku, mistari ya taa imetokea mbele ya gari, kama inarudi nyuma

Fleshi yako inawaka mwanzo wa shata. Gari inagandishwa kwanza, halafu inaendelea kutembea na taa zinachora mbele yake. Ingia kwenye menyu, weka fleshi iwake kwenye pazia la pili, yaani mwisho wa shata, mistari itabaki nyuma.

Mistari ikiwa hafifu ni umeme wa gari. Gari nyingi mpaka miaka ya 1950 zilikuwa za volti 6, taa zake za nyuma ni kama mshumaa. Ongeza ISO, au subiri giza liingie kweli kweli ili kile kidogo kionekane. Mistari ikitoka ya vidoti vidoti badala ya kunyooka, mwenyewe ameshabadilisha balbu akaweka LED, zile nyingine zinawaka na kuzima haraka haraka. Balbu ya zamani ya waya inachora mstari mmoja safi.

DALILI: Umeongeza mwendo kwenye Photoshop na watu wamekugundua

Wanaangalia sehemu tatu. Kwanza vioo: umevuta nyuma ya gari lakini ile miti inayoonekana kupitia kioo cha dirisha imebaki kali. Pili lami chini ya bodi, katikati ya tairi za mbele na nyuma, watu wanaisahau ile. Tatu, na hii ndo inayowaumbua hata waliobobea, mng'ao kwenye wilikapu. Wilikapu inazunguka, lakini jua halizunguki nayo, kidoa cha mng'ao kinabaki pale pale. Ukichukua rimu nzima ukaizungusha kwa ile filta ya kuzungusha, na mng'ao nao unageuka pete, rimu inakuwa kama sahani ya plastiki. Zungusha rimu, halafu rudisha mng'ao juu yake kutoka picha ya asili. Vivyo hivyo kwa kivuli cha bodi kinachoangukia juu ya tairi, nacho hakizunguki.

DALILI: Kila kitu kiko sawa na picha bado haina uhai

Sentimita 30, rimu imeyeyuka, kidoa cha kromu ni nukta safi, na bado unaangalia unasikia baridi.

Angalia nafasi kwanza, kama pua ya gari imegusa ukingo wa picha haina pa kwenda, iachie njia mbele. Angalia bodi imekaaje: gari za zamani zina springi laini, zikikata kona zinalala ubavu kama mashua, na huo mlalo una mwendo mwingi kuliko mistari yote ya 1/15, kwa hiyo mi sa hivi nikifika sehemu natafuta kona kabla sijatafuta mandhari. Vumbi, kitambaa cha shingoni kwa gari isiyo na paa, moshi kidogo wa ekzosi, vyote vinasaidia.

Halafu mwangalie dereva. Tisa kati ya kumi ananitazama mimi, ametabasamu, mkono mmoja dirishani, yaani anapigwa picha. Mwambie aangalie barabara, mikono yote kwenye usukani, na asijue ni raundi ipi unapiga. Yule wa Beetle alikuwa ananikonyeza kila akipita.